Chevreul: Mzee wa miaka 102 aliyefumbua siri ya mafuta unayojipaka

Stima ikipotea kwako leo usiku utafanya nini? Utapapasa kitandani utafute simu uwashe tochi. Betri ikifika asilimia tano, utakumbuka kuna kipande cha mshumaa kwenye droo. Kabla ya kulala utanawa uso kwa sabuni, kisha ujipake mafuta au krimu yako.

Mshumaa, sabuni, krimu. Vitu vya kawaida kabisa kwenye bedsita yoyote ya hapa mjini. Leo nataka nikujulishe kwa jamaa mmoja aliyekaa na mafuta ya wanyama miaka zaidi ya kumi hadi akajua kilichomo ndani yake, na kazi yake ikagusa vyote hivyo vitatu. Anaitwa Michel Eugène Chevreul. Jina la ukoo litamke tu Shevreli, Mfaransa atakuelewa. Alizaliwa mwaka wa 1786 na akafa mwaka wa 1889. Ndiyo, umepiga hesabu vizuri. Aligonga miaka mia na ushee.

Nilimfikiaje? Kupitia uso wangu mwenyewe, na si hadithi ninayojivunia.

Baada ya kuacha chuo nikiwa mwaka wa pili, chunusi zilinivamia mashavuni kama zilizotumwa. Rafiki yangu akanielekeza kwenye kibanda fulani mjini, nikauziwa kikopo kidogo cha krimu kisicho na lebo. Wiki mbili za kwanza nilikuwa fiti. Uso uling'aa hadi watu wakaniuliza natumia nini. Wiki ya nne ngozi ilianza kuwasha, kisha ikachubuka, na zilipokuwa chunusi yakabaki madoa meusi kuliko chunusi zenyewe. Nikakigeuza kile kikopo nisome kimetengenezwa kwa nini. Hakukuwa na hata herufi moja.

Daktari wa ngozi niliyemwona baadaye aliniandikia tyubu ya dawa iitwayo asidi ya azelaiki. Safari hii, kabla sijapaka, nilikaa na simu nikasoma hii kitu ni nini na inatoka wapi. Swali moja likazaa lingine, nikarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, hadi nikamkuta huyu mzee amekaa kwenye maabara yake Paris na bakuli la mafuta ya nguruwe.

Sasa tuanze mwanzo.

Chevreul alizaliwa tarehe 31 Agosti 1786 katika mji wa Angers, magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari, kwa hivyo nyumbani hawakulala njaa. Lakini nyakati zilikuwa mbaya. Hakuwa hata amefikisha miaka mitatu Mapinduzi ya Ufaransa yalipolipuka. Alikuwa na miaka sita mfalme wa nchi yake alipokatwa kichwa hadharani jijini Paris. Mwisho wa mwaka huohuo wa 1793, jeshi la waasi lilikuja kuuzingira mji wa kwao. Ukisikia mtu anakwambia watoto wa siku hizi ndio wameona mambo, mkumbushe huyu.

Masomo yalivurugika, akawa anafundishwa kwa njia ya faragha hadi alipotimiza miaka 13 ndipo akaingia shule rasmi. Mwaka wa 1803, akiwa na miaka 17, alifunga virago akaenda Paris kutafuta kemia. Huko akapokewa na Nicolas Vauquelin, mwanakemia mkubwa wa enzi hiyo, yule aliyegundua madini ya kromiamu. Kijana akaanza kama msaidizi wa maabara. Kufikia mwaka wa 1810 alikuwa tayari na kazi kwenye Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili, taasisi ambayo hangeiacha tena hadi kifo.

Halafu ikaja sabuni.

Mwaka wa 1811 watu wa kiwanda kimoja cha nguo walitaka kujua sabuni yao laini, iliyopikwa kwa mafuta ya nguruwe na potashi, ina nini ndani. Kazi ya kawaida tu, ya kuandika ripoti na kulipwa. Elewa kwamba kufikia wakati huo binadamu alikuwa amepika sabuni kwa maelfu ya miaka. Chukua mafuta, changanya na maji ya majivu, chemsha, tayari. Kila mtu alijua inavyopikwa, na hakuna aliyejua ni kwa nini inakuwa sabuni. Wengi waliamini mafuta yanashikana tu na magadi yalivyo, mambo yameisha.

Chevreul aliichanganya ile sabuni na maji mengi, akaona kitu kinatuama chini kikimetameta kama lulu. Akakichukua, akakitia asidi, akapata fuwele nyeupe zinazoteleza kama mafuta. Alipozipima, zikageuza rangi ya kipimo kutoka buluu hadi nyekundu. Wewe uliyesoma kemia kidato cha kwanza unajua maana yake: hiyo ni asidi. Ndani ya mafuta ya nguruwe, kitu laini kisicho hata na uchungu mdomoni, kulikuwa na asidi iliyojificha.

Akaipa jina la asidi ya margariki, kutokana na neno la Kigiriki la lulu. Miaka mingi baadaye Mfaransa mwingine aliyetafuta mbadala wa siagi alilichukua jina hilo akaliita zao lake majarini. Kwa hivyo asubuhi unapopaka mkate wako majarini, kwa jina unapaka lulu.

Mtu mwingine angeandika ripoti, achukue pesa zake, arudi nyumbani. Chevreul alikaa kwenye swali hilo hadi mwaka wa 1823. Alipima mafuta ya nguruwe, kondoo, ng'ombe, bata bukini, binadamu, na hata jagwa, yule mnyama wa Amerika anayefanana na chui. Njia yake ilikuwa ya kuchosha. Aliyeyusha kitu kwenye pombe kali, akakiacha kigande, akakitoa, akapima kinayeyuka kwenye joto la kiasi gani, akarudia. Akarudia tena. Alipoona kiwango cha kuyeyuka hakibadiliki hata akirudia vipi, ndipo alipokubali kwamba ameshika kitu kimoja safi.

Kwa njia hiyo akazitenga asidi moja baada ya nyingine na kuzipa majina ambayo dunia bado inayatumia. Asidi ya stiariki, ngumu na nyeupe, kutoka kwa shahamu. Asidi ya oleiki, ambayo ni majimaji. Asidi ya butiriki, ile inayofanya siagi iliyochacha inuke. Asidi ya kapriki, iliyopewa jina la mbuzi, na ukiinusa utakubaliana naye.

Pia alikuwa na mizani, na mizani ndiyo iliyomaliza ubishi. Alipopima vilivyotoka kwenye sabuni, yaani zile asidi pamoja na kimiminiko kitamu ambacho yeye ndiye aliyekiita gliserini, jumla ilizidi uzito wa mafuta aliyoanza nayo. Hiyo ziada ilitoka wapi? Akaonyesha kwamba ni maji yaliyoingia kwenye mchakato. Mafuta basi si kitu kimoja. Ni gliserini iliyoshikana na asidi za mafuta, na magadi yakija yanavunja huo ushikamano, yanabeba asidi na kuacha gliserini. Hiyo ndiyo sabuni, na mpaka leo ndivyo inavyofundishwa.

Je, alipatia kila kitu? La. Ile asidi ya margariki, lulu yake ya kwanza, wanakemia wengine waligundua baadaye kwamba ilikuwa mchanganyiko wa asidi ya stiariki na ya palmitiki. Aliyewafundisha watu kupima usafi wa kitu alikosea palepale alipoanzia. Nampenda zaidi kwa sababu hiyo. Njia yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba wengine waliitumia kumsahihisha.

Turudi kwa mshumaa wako. Enzi hizo maskini waliwasha mishumaa ya shahamu ya ng'ombe au kondoo, iliyotoa moshi, ikanuka, na kulainika ovyo wakati wa joto. Mishumaa safi ya nta ya nyuki ilikuwa ya matajiri na makanisa. Chevreul akaona kwamba asidi ya stiariki inayeyuka kwenye nyuzi takriban 69 za Selsiasi, ni ngumu, na inawaka kwa mwanga mweupe bila ile harufu. Mwaka wa 1825 yeye na mwenzake Gay-Lussac wakachukua hataza ya kutengeneza mishumaa hiyo.

Biashara ikaanguka. Wazo lilikuwa moto lakini wawili hao hawakuwa watu wa soko. Ni mwingine, Adolphe de Milly, aliyerahisisha utengenezaji miaka ya 1830 na kuifanya mishumaa hiyo iuzwe kwa wingi. Nyumba za kawaida zikapata mwanga safi wa kusomea usiku. Chevreul hakutajirika kwa mishumaa, ingawa mwaka wa 1852 chama cha kukuza viwanda Ufaransa kilimtunuku faranga 12,000 kwa kazi yake. Kama umewahi kuanzisha hustle ikafa, kisha ukaona mwingine akiomoka na wazo lilelile, huyu ni mwenzako.

Sasa njoo kwenye ngozi, maana hapa ndipo nilipoachwa mdomo wazi.

Karibu mwaka wa 1815, Chevreul alichunguza kitu cheupe kinachopatikana kwenye mawe ya nyongo. Alijaribu kukigeuza sabuni, kikakataa. Akajua hiki ni kitu cha aina nyingine, si mafuta ya kawaida, akakiita kolesterini. Sisi leo tunakiita kolesteroli, na tunakiogopa kila tukila nyama choma. Mwaka wa 1815 vilevile alionyesha kwamba sukari iliyo kwenye mkojo wa mgonjwa wa kisukari ni ya aina moja na sukari ya zabibu, ile tunayoiita glukosi.

Tazama mkono wako. Tabaka la juu kabisa la ngozi yako ni seli zilizokufa, zimepangwa kama matofali. Katikati ya matofali hayo kuna simiti inayozuia maji ya mwili yasitoroke na uchafu usiingie. Simiti hiyo ina vitu vikuu vitatu: seramidi, kolesteroli, na asidi za mafuta. Viwili kati ya vitatu vilipita mikononi mwa Chevreul, na hakuwa hata anatafuta habari za ngozi. Asidi hizo za mafuta pia husaidia kuifanya ngozi iwe na uasidi kidogo, jambo ambalo bakteria wengi wabaya hawalipendi. Ukiosha uso mara sita kwa siku kwa sabuni kali, unakwangua simiti hiyo. Ndiyo maana uso unakakamaa, kisha unaanza kuwasha.

Zile asidi mbili alizozipa majina, ya stiariki na ya oleiki, zimejaa kwenye vitu tunavyojipaka. Mafuta ya shea, yanayokamuliwa Afrika Magharibi na kule kaskazini mwa Uganda, sehemu yake kubwa ni hizo mbili. Asidi ya stiariki iko kwenye losheni na krimu nyingi, ikisaidia maji na mafuta yasitengane. Mafuta ya parachichi, sehemu yake kubwa ni asidi ya oleiki.

Lakini usikimbilie kusema cha asili hakina madhara. Asidi ya oleiki ina tabia ya kupenya na kulegeza ile simiti, hadi watengeneza dawa huitumia kusaidia dawa ipite kwenye ngozi. Kwa mtu wa ngozi kavu au mwenye ukurutu, mafuta yenye asidi hiyo nyingi yanaweza kuharibu zaidi. Mba pia iko kwenye hadithi hii. Kuna kuvu anayeishi kichwani mwa kila mmoja wetu, anayekula mafuta ya ngozi na kuacha asidi ya oleiki, na hiyo ndiyo inayowasha vichwa vya wengine hadi magamba yakaanza kubanduka. Kwa hivyo unapoona mba ukaongeza mafuta ya kupikia kichwani, huenda unamletea huyo kuvu chakula cha jioni.

Na dawa yangu, asidi ya azelaiki? Hii ni mtoto wa asidi ya oleiki. Oleiki ina mnyororo wa kaboni 18, na viwandani huukata katikati, penye kiungo kinachovunjika kwa urahisi, wakapata azelaiki yenye kaboni tisa. Kwa asili iko kwenye ngano, shayiri na rai, na yule kuvu wa kichwani huitengeneza pia. Miaka ya 1970 watafiti wa Italia waliofuatilia yale mabaka mepesi ambayo kuvu huyo huacha kwenye ngozi za watu walianza kuichunguza kama dawa. Inaua bakteria wa chunusi, inapunguza uvimbe, inazuia vinyweleo visizibe, na inatuliza kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza rangi nyeusi. Huelekea zaidi seli zinazotengeneza rangi kupita kiasi, kwa hivyo inafifisha doa bila nia ya kukugeuza mzungu. Huja kama krimu ya asilimia 20 au jeli ya asilimia 15, huwashawasha kidogo mwanzoni, na inataka subira ya wiki nyingi. Anayefaa kukuambia kama inakufaa ni daktari. Mimi ni mtu wa kuandika tu, na ngozi nyeusi inahitaji jicho la mtaalamu.

Kama maisha ya Chevreul yangeishia kwenye mafuta, yangetosha. Hakuishia hapo.

Mwaka wa 1824 aliteuliwa kusimamia utiaji rangi kwenye kiwanda cha Gobelins jijini Paris, kilichofuma mazulia ya picha ya kutundikwa ukutani. Malalamiko yalikuwa yamejaa. Rangi nyeusi, wateja walisema, ni dhaifu, imechakaa. Kama mwanakemia alianza kwa kupima rangi yenyewe, akakuta haina kasoro. Shida ilikuwa majirani wake. Uzi mweusi ukiwekwa karibu na buluu au zambarau, jicho lako linauona umefifia. Uhamishe kando ya rangi nyingine, unakolea tena. Uzi ni uleule. Akachunguza jambo hilo kwa miaka na mwaka wa 1839 akatoa kitabu kuhusu jinsi rangi mbili zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja. Wachoraji kama Georges Seurat walikisoma wakakitumia kwenye picha zao. Mle alizungumzia hata nguo na kofia, jinsi rangi iliyo karibu na uso inavyobadilisha unavyoonekana. Mara nyingine ukichukia sura yako kwenye selfie, badilisha shati kwanza kabla ya kulaumu ngozi.

Halafu kuna kisa cha pete na uzi, na hiki ndicho nilichokihitaji siku ile kibandani.

Enzi zake watu waliamini kwamba ukishika pete ya chuma iliyofungwa kwenye uzi juu ya vitu fulani, zebaki kwa mfano, pete itaanza kuyumba yenyewe kwa nguvu ya ajabu. Chevreul hakucheka. Alijaribu. Na pete ikayumba kweli mkononi mwake! Hapo wengi wangeishia, waseme tumeona kwa macho yetu. Yeye akaegemeza mkono wake mahali imara, pete ikapunguza mwendo. Akafungwa macho, msaidizi akawa anaweka na kuondoa kioo kati ya pete na zebaki bila kumwambia. Mchezo ukaisha. Mwaka wa 1833 alichapisha maelezo yake: akilini mwake alitarajia pete iyumbe, na misuli ya mkono ikaisukuma kidogokidogo bila yeye kujua. Hakuna aliyemdanganya. Alikuwa amejidanganya mwenyewe.

Nilipofika hapo nilicheka, kisha nikanyamaza. Kikopo changu kilikuwa na ushahidi uleule: rafiki alikitumia, uso wangu uling'aa, nilitaka king'arishe. Na zebaki ileile ya Chevreul bado iko mitaani. Pamoja na haidrokwinoni, imepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Kenya, lakini mikorogo ya kujichubua ngozi bado inauzwa chini ya meza. Zebaki hung'arisha kwa kuzuia rangi ya ngozi kutengenezwa, na inapopenya mwilini inaweza kuumiza figo na mishipa ya fahamu. Sijui kama kikopo changu kilikuwa nayo. Hakikuwa na lebo, na sikuuliza.

Chevreul alimwoa Sophie Davalet mwaka wa 1818, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume, Henri. Sophie alifariki mwaka wa 1862. Mume alizidi kukaa maabara. Wapinzani wa Ufaransa kutoka Ujerumani walipouzingira mji wa Paris na kuupiga kwa mizinga mwanzoni mwa 1871, makombora yalianguka hadi kwenye Makumbusho yake. Alikuwa na miaka 84. Hakutoroka, na aliandika kulalamikia uharibifu huo kwa jina lake mwenyewe. Aliachia ukurugenzi wa Makumbusho mwaka wa 1879 akiwa amepita miaka 90, na bado hakuacha utafiti.

Kwa miaka hiyo ya mwisho alikuwa na cheo alichojipa mwenyewe na kukipenda kuliko vyote: mwanafunzi mzee kuliko wote nchini Ufaransa. Huyo ni mtu aliyekuwa profesa tangu mwaka wa 1830, mwanachama wa Akademia ya Sayansi tangu 1826, na mshindi wa medali ya Copley ya Uingereza ya mwaka wa 1857.

Sitakuficha, jambo hilo lilinigusa mahali. Nilipoacha chuo karo iliponishinda, neno la kwanza nililoacha kujiita ni mwanafunzi. Niliona ni kama kitambulisho unachokirudisha langoni. Mzee wa miaka mia hakuwa na mwalimu yeyote aliyebaki hai wa kumsahihisha, na bado alilishikilia neno hilo.

Alipotimiza miaka 100, tarehe 31 Agosti 1886, nchi nzima ilimsherehekea na medali ikatolewa kwa heshima yake. Mpigapicha maarufu Nadar alimhoji huku mwanawe Paul akipiga picha, zikachapishwa gazetini Septemba 5. Mahojiano hayo ya picha yanahesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Ukizitafuta picha hizo utamwona, nywele nyeupe zimesimama, mikono hewani, akieleza jambo kama kijana wa mtaani anayebishana kuhusu mpira.

Mnara wa Eiffel ulizinduliwa Machi 31, 1889. Siku hizohizo Henri, mwanawe wa pekee, alifariki. Baba alimfuata Aprili 9, akiwa na miaka 102. Alipewa mazishi ya kitaifa, na jina lake limeandikwa kwenye ule mnara, pamoja na majina mengine 71 ya wanasayansi na wahandisi wa Ufaransa.

Ufaransa ni mbali na nauli haipo, kwa hivyo usijisumbue na mnara. Chukua krimu uliyo nayo hapo mezani, uigeuze. Kama ina lebo, soma orodha ya vilivyomo polepole, na kuna uwezekano mkubwa utamkuta mzee Chevreul hapo katikati: asidi ya stiariki, gliserini, labda kolesteroli. Neno usilolijua, litafute. Muulize wa kemisti, muulize daktari, na usione haya kuuliza mara ya pili.

Kama haina lebo, unajua la kufanya. Madoa yangu yamefifia sasa, bado mawili yamebaki shavu la kushoto.